Masoko ya ndege hai na mafua ya ndege: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na wafugaji, wachuuzi, wanunuzi, na hata watu wasiofuga wala kuuza kuku ila wamesikia tangazo redioni wakabaki na wasiwasi. Nimeyajibu kwa urefu tofauti kwa sababu uzito wake haulingani. Kuna jambo moja utaliona likijirudia: soko haliumbi virusi, lakini soko ambalo halibaki tupu hata siku moja huvipa virusi mahali pa kuishi.

Mafua ya ndege ni ugonjwa gani?

Ni ugonjwa unaoletwa na virusi vya mafua vya aina ya A, ambavyo makao yake ya asili ni ndege wa majini wa porini kama mabata, mabata bukini na shakwe. Hupewa majina ya herufi na namba, mfano H5N1, H7N9 au H9N2, kufuatana na protini mbili zilizo juu ya ganda la kirusi. Vingine ni vipole, na dalili pekee huwa kuku kupunguza kutaga au kukoroma kidogo. Vingine ni vikali na humaliza banda zima kwa siku mbili tatu. Milipuko mikali kwa kuku imesababishwa na virusi vya makundi ya H5 na H7, na mara nyingi vilianza vikiwa vipole, vikageuka vilipozunguka ndani ya kuku wengi waliosongamana.

Kuku hukaa sokoni saa chache tu. Soko linasambazaje ugonjwa?

Kuku anaondoka, soko linabaki. Hapo ndipo penye mzizi wa mambo yote.

Fikiria virusi vikiingia katika banda moja la kijijini lenye kuku ishirini. Wengine watakufa, wengine huenda wakapona na kupata kinga, na baada ya wiki chache virusi havina tena wa kumwambukiza. Moto umekosa kuni. Sokoni kuni hazikatiki. Leo wanaingia kuku mia tatu, jioni wamebaki hamsini, kesho alfajiri wanaongezwa mia mbili ambao hawajawahi kukutana na virusi hivyo. Wale hamsini wa jana wanawaambukiza wa leo, na wa leo watawaambukiza wa kesho. Hakuna kuku aliyekaa hapo mwezi mzima, lakini virusi vimekaa mwezi, mwaka, hata miaka kumi.

Tena soko hukutanisha ndege ambao kamwe wasingekutana. Mchuuzi wa baiskeli hukusanya kuku wawili nyumba hii, watatu nyumba ile. Dalali hununua kwa wachuuzi kumi. Lori la dalali hushusha soko la jumla, na kutoka hapo wauzaji wa rejareja hutawanyika nao pande zote. Kizimba kimoja kinaweza kuwa na kuku wa vijiji kumi na viwili. Nyumba moja tu kati ya zote ikiwa na ugonjwa, basi wote wamekula sahani moja na kunywa bakuli moja.

Si mnunuzi atamwona kuku mgonjwa na kumkataa?

Angemwona, tungekuwa na tatizo dogo zaidi. Kuku aliyeambukizwa huanza kutoa virusi kwa kinyesi na kamasi kabla hajaonyesha dalili. Asubuhi ametoka nyumbani anawika, mchana yuko kizimbani mchangamfu, na usiku ule ule ameinamisha kichwa.

Bata ni wagumu zaidi kuwashtukia. Wengi wao hubeba hata virusi vikali bila kuugua, au huugua kidogo tu, huku wakivitoa kwa wingi majini na ardhini. Muuzaji anaweza kuapa kwa moyo mweupe kwamba bata wake ni wazima, na kwa macho yake anasema kweli.

Kisha kulikuwa na H7N9, iliyotambuliwa kwa binadamu nchini China mwezi Machi 2013. Hapo mwanzo virusi vile havikuwadhuru kuku kwa namna ya kuonekana. Hapakuwa na vifo mabandani vya kumshtua mtu. Ishara ya kwanza kwamba masoko yana virusi ilikuwa wagonjwa hospitalini wenye nimonia kali. Hadi 2019 wagonjwa waliothibitishwa walikuwa wamefika 1,568, na 616 kati yao walifariki.

Tenga lina shida gani?

Chukua tenga la kufumwa lililorudi kutoka sokoni, ulishike juani, ulitazame kwa ndani. Katikati ya fito kuna kinyesi kilichokauka kwa tabaka, kipya juu ya cha zamani, na vinyoya vimegandamana nacho. Ukilipiga chini linatoa vumbi. Tenga hilo lilipangwa garini chini ya mengine matatu, kwa hiyo kila kuku aliye juu alikuwa akiwanyea walio chini tangu safari ianze. Sasa linapakizwa tena, linapelekwa kijijini kuchukua kuku wengine. Mwenye kuku atalipokea, ataliweka uani, na kuku wake watalizunguka wakidonoa punje zilizobaki.

Hata kama hakuna ndege mgonjwa aliyerudi kijijini, virusi vimerudi. Ndiyo maana nasema tenga, trei za mayai, magurudumu ya gari, viatu vya dalali na ndoo ya maji ni sehemu ya biashara ya ndege, na lazima zihesabiwe hivyo. Virusi hivi hupenda ubaridi na unyevu: kwenye kinyesi kibichi mahali penye baridi huweza kukaa wiki kadhaa, ilhali jua kali na ukavu huvimaliza haraka zaidi. Sabuni ya kawaida huvivunja, kwa sababu ganda lake la nje ni la mafuta. Lakini kumwaga dawa juu ya kinyesi ni kupoteza dawa. Lazima usugue kwanza, uchafu utoke, ndipo dawa ifanye kazi.

Matenga ya plastiki yana faida hapa. Husuguliwa yakatakata. Fito zilizofumwa hazitakati kabisa hata usugue vipi.

Kuku ambaye hakuuzwa afanywe nini?

Asirudi nyumbani. Ningeruhusiwa kuweka kanuni moja tu duniani kuhusu masoko haya, ningeweka hiyo.

Najua uchungu wake. Umekuja na kuku kumi, umeuza saba, watatu ni mali yako na kuwachinja jioni bila mnunuzi ni hasara. Kumrudisha bandani kunaonekana jambo la kawaida kabisa. Lakini huyo kuku ameshinda siku nzima ubavuni mwa ndege wa vijiji vingine, na usiku utamlaza pamoja na mama zake na vifaranga wako. Safari ya kurudi ndiyo inayofunga duara: soko linawaambukiza waliokuja wazima, kisha wao wanayapa maambukizi hayo mashamba, na mashamba yanalilisha soko tena. Kama hamna namna ila kumrudisha, mtenge peke yake mbali na wenzake wiki mbili kamili, na umhudumie mwisho baada ya kuwahudumia wazima.

Kwa nini mfugaji anayeona vifo anakimbilia kuuza?

Kwa sababu ana njaa ya kesho ya kufikiria. Amepoteza kuku watano usiku mmoja, waliobaki thelathini bado wanasimama, na anajua kuwa akisubiri wote wanaweza kufa. Akiwapeleka sokoni leo atapata chochote. Watu wengi humlaumu kwa ubinafsi, nami siungi mkono lawama hiyo hata kidogo. Amewekewa mizani yenye upande mmoja: akitoa taarifa, maofisa watakuja kuwaua kuku wote na huenda asilipwe, akinyamaza, anapata nusu ya thamani.

Mauzo haya ya haraka ndiyo njia mbaya kuliko zote za kueneza ugonjwa, kwa kuwa yanapeleka sokoni kuku walioambukizwa kwa hakika, tena wengi kwa mkupuo. Bei ikishuka ghafla katika eneo moja bila sababu ya msimu, afisa wa mifugo aliye macho anapaswa kujiuliza kuna nini huko.

Dawa yake ni fidia inayolipwa upesi, kwa bei iliyo karibu na ya soko, na inayojulikana kabla ugonjwa haujaja. Fidia ikitangazwa baada ya mlipuko huwa imechelewa, maana kuku wameshauzwa. Fidia ikilipa kuku waliochinjwa na serikali peke yao na kuacha waliokufa wenyewe, humpa mfugaji sababu ya kutoa taarifa mapema, mradi aamini kwamba fedha zitafika. Mficha maradhi kilio humuumbua, lakini kilio hiki humfikia na jirani asiyeficha kitu.

Ndege wa porini ndio wanaoleta ugonjwa. Kwa nini mnalaumu soko?

Ndege wa porini wanahusika, tena sana. Mwaka 2005 maelfu ya ndege wa porini walikufa kwa H5N1 katika Ziwa Qinghai nchini China, na kuanzia mwishoni mwa 2021 virusi vya ukoo wa H5N1 vilivuka bahari hadi Amerika kwa mabawa. Hakuna lori lililofanya hivyo.

Lakini kuvuka bara ni jambo moja, na kusambaa kutoka wilaya hadi wilaya ni jambo lingine. Ndege wa porini huhama kwa misimu na njia zake zinajulikana. Ugonjwa unapofuata barabara kuu, unapoibuka miji miwili inayofanya biashara na kuiruka iliyo katikati, au unapopanda wiki chache kabla ya sikukuu wakati wa mahitaji makubwa, huo ni mwendo wa biashara. Nchini China na Vietnam usafirishaji wa kuku na bata huongezeka sana kuelekea mwaka mpya wa kalenda ya mwezi, na miezi hiyo ya baridi ndiyo hiyo hiyo ya hatari kubwa.

Bata wa porini anaweza kuleta cheche. Kuanzia hapo, kinachoupeleka moto mbali ni mikono yetu. Na kwa kuwa hatuwezi kumwamrisha bata wa porini, ni busara kushughulika na kile tunachoweza kukiamrisha.

Kuna ushahidi gani kwamba masoko ndiyo kiini?

Upo mwingi, lakini wa Hong Kong ndio unaofundisha kuliko wote.

Mwaka 1997 watu 18 waliugua H5N1 pale, na 6 walifariki. Ilikuwa mara ya kwanza kwa virusi hivyo kuthibitishwa kwa binadamu. Wachunguzi walipowalinganisha wagonjwa na watu wa eneo hilo hilo ambao hawakuugua, tofauti iliyojitokeza ilikuwa kwamba wengi wa wagonjwa walikuwa wamepita kwenye vibanda vya kuku hai wiki moja kabla ya kuugua. Masoko yalipopimwa, karibu kuku mmoja kati ya watano alikutwa na virusi. Mwishoni mwa Desemba serikali iliamuru kuku wote wauawe, zaidi ya milioni moja, mashambani na sokoni. Wagonjwa wapya wakakoma.

Kilichofuata ndicho ninachowaomba watu wakisome polepole, kwa sababu kilichukua miaka na hakikufanyika kwa amri moja. Bata na bata bukini waliondolewa katika masoko ya rejareja. Mwaka 2001 ikawekwa siku moja kila mwezi ya masoko yote kubaki matupu na kusafishwa. Mwaka 2002 kware nao wakaondolewa. Mwaka 2003 ikaongezwa siku ya pili ya mapumziko. Mwaka 2008, baada ya virusi kukutwa tena masokoni, ikapigwa marufuku kumlaza kuku hai sokoni: asiyeuzwa mpaka jioni anachinjwa. Watafiti waliokuwa wakipima H9N2 miaka hiyo yote waliona kwamba marufuku ya kulaza kuku ilipunguza virusi kwa takriban asilimia 84, zaidi ya zilivyopunguza siku za mapumziko peke yake.

Sasa rudi kwenye mfano wa kuni. Marufuku ya kulaza kuku ilikata daraja kati ya kuku wa jana na kuku wa leo. Ndiyo yote.

Kwingineko ni hivyo hivyo. Nchini Indonesia, uchunguzi wa masoko 83 katika eneo la Jakarta na mikoa jirani ya Banten na Java Magharibi ulikuta 39 yana virusi vya H5 kwenye meza, sakafu, vyombo na maji machafu. Na asidhani mtu kuwa hili ni tatizo la nchi maskini. Kaskazini mashariki mwa Marekani, H7N2 ilizunguka katika masoko ya ndege hai tangu 1994 hadi 2006. Mwaka 2002 ilitoka huko ikaingia Virginia, ambako mashamba 197 yaliathirika na ndege wapatao milioni 4.7 wakauawa. Mwaka huo huo masoko ya eneo hilo yalifungwa yote kwa pamoja kwa siku chache, yakasafishwa, yakafunguliwa, na haukupita muda virusi vikaonekana tena, kwa sababu waliowaletea ndege walikuwa wale wale wasiopimwa. Februari 2025 masoko ya jiji la New York na kaunti za jirani yalilazimika kufungwa tena kwa siku kadhaa, safari hii kwa H5N1.

Kwa nini kuchanganya kuku, bata na kware kunaogopwa?

Virusi vya mafua vina vinasaba vilivyogawanyika vipande vinane. Ndege mmoja akiambukizwa aina mbili kwa wakati mmoja, vipande hivyo huweza kubadilishana ndani ya chembe moja ya mwili wake na kikatoka kirusi ambacho hakikuwapo jana. Kware hupokea kwa urahisi virusi vya bata na vya kuku pia, kwa hiyo huwa kama daraja. Hiyo ndiyo sababu Hong Kong iliwatoa kware hata bila wao kufa kwa wingi.

Bata juu, kuku chini, kware pembeni, wote maji ya ndoo moja. Ukiona mpangilio huo, umeona kiwanda.

Binadamu huambukizwaje sokoni?

Mara nyingi ni kwa mikono na pumzi wakati wa kuchinja na kunyonyoa. Kuku akichinjwa anapapatika, damu na kamasi hurushwa. Akitiwa katika maji ya moto kisha akaingizwa kwenye mashine ya kunyonyolea, mashine ile inayozunguka na vidole vya mpira, hutoka ukungu mwembamba wa matone ambao mtu aliye karibu huuvuta bila kujua. Maji ya kuchovyea yakiwa vuguvugu tu, na kuku ishirini wamepita humo, ni supu ya kila kitu walichokuwa nacho.

Anayesimama hapo kutwa yuko hatarini kuliko mnunuzi wa dakika tano. Tangu 2003, watu zaidi ya 900 wamethibitishwa duniani kuugua H5N1, na karibu nusu yao walifariki. Si wengi ukilinganisha na mamilioni wanaoshika kuku kila siku, na hiyo yenyewe ni habari njema: virusi hivi bado ni vigumu kumwingia mtu na havijajifunza kuenea kirahisi kati ya watu. Kila anayeambukizwa, hata hivyo, ni nafasi nyingine ya kujifunza.

Naweza kula kuku na mayai?

Ndiyo, vikiiva sawasawa. Joto la nyuzi 70 likifika mpaka ndani huviua virusi: nyama isiwe na wekundu mfupani, na kiini cha yai kisiwe majimaji. Kuganda kwenye friza hakuviui. Usipike wala kula kuku aliyekufa mwenyewe au aliyekuwa akiumwa, kwa sababu hatari iko mikononi mwa anayemwandaa kabla hajafika jikoni.

Basi kwa nini masoko yasifungwe moja kwa moja?

Kufunga kunafanya kazi, na haraka. Mwezi Aprili 2013 masoko ya ndege hai yalipofungwa Shanghai, Hangzhou, Huzhou na Nanjing, maambukizi ya H7N9 kwa watu yalishuka kwa asilimia 97 hadi 99 katika miji hiyo. Ni hatua chache sana za afya zilizowahi kuleta matokeo ya namna hiyo kwa muda mfupi.

Lakini ndege waliokuwa njiani kuelekea masoko hayo hawakuyeyuka. Walitafutiwa wanunuzi kwingine, na wapo watafiti waliohusisha mwendo huo na virusi kufika maeneo ambayo hayakuwa navyo. Ukifunga soko rasmi bila kuwafikiria wanaoishi kwa hilo, biashara huhamia vichochoroni na nyuma ya nyumba, ambako hakuna sakafu ya saruji, hakuna maji ya bomba na hakuna daktari wa mifugo anayepita. Mimi ningefunga bila kusita pale binadamu wanapougua. Kwa siku za kawaida, ningetaka soko linalopumua: linabaki tupu kila siku jioni, linaoshwa, linajulikana linapata ndege kutoka wapi.

Siku ya mapumziko inapaswa kufanywaje?

Masoko yote ya mji siku moja, pamoja na lile la jumla. Likipumzika moja na mengine yakafanya kazi, wauzaji huhamisha kuku wao kwa muda na kuwarudisha, na virusi vimeenda likizo na kurudi nao. Siku hiyo ndege wasiwepo kabisa. Sakafu ifagiliwe, isuguliwe kwa sabuni, ioshwe, inyunyiziwe dawa, kisha iachwe ikauke, maana kukauka nako ni sehemu ya dawa. Wapya wasiingie mpaka kesho yake.

Chanjo haiwezi kumaliza jambo hili?

Inasaidia sana inapolingana na virusi vilivyopo. China ilianza kuchanja kuku dhidi ya H7 mwezi Septemba 2017, baada ya wimbi la H7N9 lililougusa umma kuliko yote, lenye watu zaidi ya 750 walioambukizwa. Msimu uliofuata wagonjwa walihesabika kwa vidole. Vietnam imechanja tangu 2005, na Ufaransa ilianza kuchanja bata mwezi Oktoba 2023.

Shida ni kwamba kuku aliyechanjwa anaweza kuambukizwa bila kuumwa na akatoa virusi kidogo kidogo. Asipopimwa mara kwa mara, chanjo huziba macho yetu. Pia virusi hubadilika, na chanjo ya zamani hubaki jina tu.

Na magendo ya mpakani?

Oktoba 2004, abiria kutoka Thailand alikamatwa katika uwanja wa ndege wa Brussels akiwa na tai wawili hai ndani ya begi la mkononi. Kila mmoja alikuwa ameviringishwa kitambaa na kusukumwa ndani ya mrija uliofumwa, kichwa tu ndicho kikiwa huru. Hawakuonekana wagonjwa. Walipopimwa, wote wawili walikuwa na H5N1. Fikiria ni wangapi ambao begi lao halikufunguliwa.

Kwenye mipaka ya nchi kavu hakuna hata begi la kufungua. Bei ikiwa juu upande wa pili, kuku watavuka usiku. Kupiga marufuku bila kupunguza tofauti ya bei huongeza tu idadi ya njia za panya.

Nitajuaje kama ni mafua ya ndege au kideri?

Kwa macho hutajua. Yote mawili huua kwa wingi, huleta kuharisha, kukoroma na kupinda shingo. Kishungi na ndevu kugeuka zambarau, uso kuvimba, madoa ya damu miguuni na vifo vya ghafla bila dalili humfanya daktari wa mifugo ashuku mafua, lakini jibu hutoka maabara. Anayesema "ni kideri tu" bila kipimo anabahatisha, na amebahatisha kwa niaba ya majirani zake.

Nauza kuku. Nianze na lipi ambalo naliweza?

Kama huwezi yote, tenganisha mahali pa kuchinjia na mahali wanunuzi wanaposimama, hata kwa ukuta wa mabanzi. Usiweke bata na kuku kizimba kimoja. Badilisha maji ya kuchovyea mara nyingi na yawe ya moto kweli. Vaa barakoa, glavu na gamboti unaponyonyoa, na nguo za kazi zibaki kazini. Mwanao asikukumbatie ukiwa nazo. Andika kwenye daftari: tarehe, kuku wangapi, kutoka kwa nani. Daftari hilo linaonekana dogo mpaka siku ugonjwa unapoingia, maana ndilo litakaloonyesha ulikoanzia bila kuangamiza kuku wa wilaya nzima.

Nimeshika kuku wagonjwa. Nisubiri nini?

Jiangalie kwa siku 10. Ukipata homa, kikohozi, kushindwa kupumua au macho mekundu, nenda hospitali mapema na useme mwenyewe, bila kungoja kuulizwa, kwamba ulishika kuku wagonjwa. Dawa ya kupambana na virusi vya mafua iitwayo oseltamivir husaidia zaidi inapoanzwa ndani ya siku mbili za kwanza za dalili, na daktari asiyejua habari za kuku atakutibu nimonia ya kawaida.

Asubuhi nimekuta kuku wanne wamekufa kizimbani. Nifanye nini sasa hivi?

Usiuze waliobaki, hata kwa aliyekwisha kulipia. Usiwatupe waliokufa jalalani wala mtoni, kwa kuwa mbwa, kunguru na bata watawafikia. Funika mizoga kwa plastiki, ziba mlango wa kibanda, nawa mikono mpaka kwenye kiwiko. Mpigie afisa wa mifugo na umwambie idadi, saa uliyowakuta, na uliwanunua wapi. Kisha mpigie aliyekuuzia, ili leo asipakie tenga lingine.